Tamthilia Ifike Mpaka Zahanati

Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati ya kijiji mkoani Mtwara, na wengi wanaopita mlangoni kwangu wameshaiona hospitali kwenye TV kabla ya kuiona hii yetu. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa ananiuliza, "Sista, mbona hujamtundikia dripu?" Kijana aliyemleta babu yake anatafuta kwa macho ile mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Binti mwenye mimba ya kwanza anaamini kwamba chupa ikipasuka tu, mtoto yuko nje kabla bodaboda haijawashwa, maana ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja kwenye tamthilia ya Kikorea inayoongea Kiswahili.

Wapo wenzangu wanaokerwa na maswali hayo. Mimi nayapenda. Anayeuliza mashine iko wapi ameshakubali kwamba ugonjwa una chanzo, una kipimo na una mtu aliyeusomea. Kwa miaka mingi tumebandika mabango ukutani hadi jua likayapausha, na sijamwona mtu akibishana na bango. Tamthilia wanabishana nayo wakiwa kwenye foleni, kadi za kliniki mkononi: yule daktari alikosea, yule mama mkwe ana roho mbaya, yule mtoto angewahishwa angepona. Watu wanaobishana hivyo wako tayari kujifunza. Ninachotaka ni tuache kuwaachia wageni darasa hilo, na hadithi zenyewe ziteremke kutoka hospitali za ghorofa zije mpaka kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja wa zamu, kwa sababu huko ndiko watazamaji wetu watakakoelekea wakiugua.

Huku Kusini tamthilia haitazamwi na mtu peke yake. Pesa za korosho zikitoka, miezi ya Oktoba mpaka Desemba, nyumba kadhaa kijijini hununua TV, sola na king'amuzi, na kila nyumba ya namna hiyo inakuwa baraza la majirani. Akina mama hukaa kwenye mikeka, watoto mbele, mwenye rimoti ana heshima zake. Vijana na wanaume wana kibanda umiza, na humo mechi ikiisha inawekwa filamu iliyotafsiriwa. Dijei aliyeitafsiri hafuati maneno ya mwigizaji tu. Anaeleza, anaonya, anamsuta mhusika, anatangulia kuwaambia watu kitakachotokea.

Jioni moja nilikwenda kumtafuta mdogo wangu kwenye kibanda hicho nikakuta filamu ya hospitali. Daktari alimwambia mgonjwa kwamba figo zake zimeshindwa kazi. Dijei akaongeza la kwake: "Zimeoza huyo, maji ya baridi kila siku!" Watu wakatikisa vichwa kukubali. Siku chache baadaye wagonjwa wakaanza kuniuliza habari za maji ya baridi na figo, na kati yao walikuwemo wanawake ambao hawajawahi kukanyaga kibandani. Maneno yalikuwa yameshatoka kwenye benchi la kibanda, yakapita sokoni, yakaingia jikoni. Nikawaeleza kwamba figo za wengi zinaharibiwa na presha na kisukari visivyotibiwa, na kwamba dawa za maumivu zinazomezwa ovyo huzidisha uharibifu. Nilieleza vizuri kadiri ya uwezo wangu, lakini nilikuwa nakimbizana na sauti iliyorekodiwa Dar es Salaam na kusambazwa kwenye flashi nchi nzima. Tangu hapo nawaza kwamba yule dijei ni mwalimu wa afya mwenye wanafunzi wengi kuliko sisi wote, na sijasikia kwamba kuna aliyewahi kukaa naye kitako akamwambia: ukifika kwenye figo, sema presha. Gharama yake ingekuwa nauli na chai.

Kwamba hadithi ya kubuni inafundisha afya, wenzetu wameshapima. Tamthilia ya hospitali ya Marekani iitwayo ER, iliyorushwa kuanzia 1994 hadi 2009, ilikuwa na kipindi cha mwaka 2000 kilichogusia virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Taasisi ya Kaiser Family Foundation iliwauliza watazamaji kabla na baada. Kabla ya kipindi, asilimia 24 walikuwa wamewahi kuvisikia virusi hivyo. Wiki moja baadaye wakawa asilimia 47. Waliojua kwamba vinahusiana na saratani walipanda kutoka asilimia 19 hadi 60. Hebu fikiria ni warsha ngapi, posho ngapi na vipeperushi vingapi vingehitajika kwetu kufika hapo. Lakini walipowauliza tena baada ya wiki sita, ile 60 ilikuwa imeshuka hadi 30. Nusu imeyeyuka. Nitaurudia mteremko huo, kwa sababu wanaosifia tamthilia mara nyingi huishia kwenye ile 60.

Mwaka 2008 taasisi hiyo hiyo ilifanya jaribio lingine na Grey's Anatomy, nayo tamthilia ya hospitali. Mjamzito mwenye VVU anadhani hana haki ya kuzaa, na daktari anamwambia kwamba akitumia dawa kuna uwezekano wa asilimia 98 wa kupata mtoto asiye na maambukizi. Watazamaji waliojua kwamba uwezekano huo unazidi asilimia 90 walitoka asilimia 15 wakafika 61, na wiki sita baadaye walikuwa bado 45.

Jaribio hili linanigusa kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Bila dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye VVU, 15 mpaka 45 huambukizwa. Mama akitumia vizuri dawa za kufubaza, wanashuka chini ya watano. Nina mama mmoja, sitataja hata kijiji chake, ambaye alipimwa kwenye hudhurio lake la kwanza la kliniki. Nilimpa hesabu hizo zote. Aliitikia "sawa sista" kwa adabu, akaenda zake, na nikajua hajaamini hata moja. Kilichombadilisha ni mama mwingine aliyekubali kwa hiari yake kukaa naye nyuma ya jengo, akiwa na mtoto wake wa kidato cha pili aliyezaliwa bila virusi. Waliongea nusu saa, na sikuambiwa waliongea nini. Yule mjamzito alirudi ndani akachukua dawa. Takwimu zilimpita, mtu mwenzake akamfikia. Tamthilia nzuri inaweza kumpa kila mama wa Tandahimba na Nachingwea mtu kama huyo bila siri ya yeyote kufichuka, maana mhusika wa kubuni hana mume atakayeulizwa wala majirani watakaomnong'ona.

Sisi wenyewe tuna historia katika jambo hili. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Wa rika langu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka kusubiri akaanza kujitegemea. Mwishowe UKIMWI ukamkuta Mkwaju. Miaka ile Daraja la Mkapa pale Rufiji halikuwepo, lilifunguliwa 2003, na masika yakikolea barabara ya Dar es Salaam ilikatika tukabaki huku kama kisiwa. Mkwaju alivuka hata hivyo. Nyumbani kwetu Lindi mchezo ukianza mazungumzo yalikoma, na ukiisha watu wazima waliongea mambo ambayo siku nyingine wasingeyatamka mbele yetu. Watafiti walitumia nafasi nzuri: Dodoma ilikuwa na mtambo wake, hivyo mchezo haukurushwa huko mpaka 1995, wakaweza kulinganisha. Maeneo yaliyousikia yalitangulia katika kutumia uzazi wa mpango na katika kujikinga na VVU. Hayo tuliyafanya kwa redio za betri.

Afrika Kusini nayo ilianza tamthilia ya Soul City mwaka 1994, na aliyeianzisha, Garth Japhet, alikuwa daktari aliyechoka kuwatibu watoto kwa magonjwa ambayo yangezuilika. Akaiweka tamthilia yake kwenye kliniki ya kitongoji cha watu wa kawaida. Katika msimu wa nne, 1999, mume anapompiga mkewe, majirani wanatoka nje na kugonga masufuria mpaka aache. Baadaye watu wa mitaani, akiwemo kundi la wanywaji wa baa moja huko Thembisa, wakafanya vivyo hivyo kwa kugonga chupa. Ninachokipenda hapo ni kwamba watazamaji walionyeshwa kitendo ambacho kila mmoja angeweza kukifanya usiku ule ule kwa kilichokuwa jikoni kwake.

Tamthilia za hospitali zinazotufikia kutoka nje zinakosa kitu hicho hasa. Zimejaa vitendo ambavyo mtazamaji wa Newala hawezi kuvifanya, na vingine havifanyiki hivyo hata kwao. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walihesabu watu waliofufuliwa kwa kukandamizwa kifua katika vipindi vitatu vya TV, ER ikiwemo. Robo tatu walinyanyuka, na asilimia 67 walitoka hospitali wakiwa hai. Wodini hali haikaribii hapo. Hata ile mistari ya moyo ikinyooka kabisa, umeme hausaidii. Umeme ni wa moyo unaopiga ovyo, na ulionyamaza unahitaji kukandamizwa kifua na dawa. Kwa hiyo kijana anayeniuliza mashine iko wapi anaondoka akiamini babu yake amefia kwenye umaskini wetu. Ni mzigo mzito kumbebesha mfiwa, na tamthilia ndiyo iliyomtwisha.

Hadithi ambayo hakuna mgeni atakayetuandikia ni ya degedege.

Mtoto ana homa siku mbili. Usiku anaanza kukakamaa, macho yanageuka, povu linatoka. Mama kijana anataka kukimbilia zahanati. Bibi anamshika mkono: hilo ni la kienyeji, kuna ndege amepita juu ya nyumba, akichomwa sindano atakufa. Mtoto anafukizwa, anapakwa mkojo, mganga anaitwa. Nimewapokea watoto hao alfajiri, wengine wakiwa hawajitambui, na nimejifunza kutomlaumu bibi. Yeye ameona kwa macho yake watoto wenye degedege wakipelekwa hospitali, wakachomwa sindano, wakafa. Ameunganisha alichokiona. Hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba wale watoto walifikishwa malaria ikiwa imeshapanda kichwani, na kwamba sindano iliwakuta tayari wako ukingoni. Watafiti waliochunguza imani hii katika pwani yetu tangu miaka ya 1990 wamekuta kisa hicho hicho kikijirudia, na bado bango linasema tu "Wahi hospitali".

Kuna njia ya kuandika hadithi kama hiyo. Miguel Sabido wa Mexico, aliyetengeneza tamthilia za elimu miaka ya 1970, aliweka wahusika wa aina tatu: anayeng'ang'ania njia mbaya, aliyekwisha kushika njema, na anayeyumba katikati. Mtazamaji husafiri na yule anayeyumba. Wengi wangemfanya mama kijana ndiye anayeyumba. Mimi nasema awe bibi, kwa sababu katika nyumba zetu ndiye mwenye kauli ya mwisho, na ndiye anayekaa mbele kabisa kwenye mkeka wakati wa tamthilia. Apewe heshima yake yote. Aonekane akimkumbuka mtoto aliyempoteza zamani. Mkwewe asimfokee, amwambie, "Mama, twende wote, na wewe umshike." Na katika tukio hilo hilo mikono ifanye inavyotakiwa: mtoto alazwe ubavu, nguo zipunguzwe, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, safari ianze. Wanapofika, muuguzi anachoma kidole, anasoma kipimo, anatoa dozi ya kwanza ya artesunate na kuandika rufaa. Bibi aone ile sindano ikiingia. Na mtoto apone, kwa kuwa waliowahishwa hupona, nami nimewaona wengi.

Busha nalo linangoja. Ukanda wetu wa Lindi na Mtwara ni miongoni mwa sehemu ambazo mabusha na matende yamekawia kuondoka. Minyoo yake inaenezwa na mbu, lakini ukimuuliza mzee pwani atakwambia ni madafu. Kila mwaka wa kugawa kingatiba, yaani ivermectin na albendazole, unazuka uvumi kwamba vidonge vinaondoa nguvu za kiume, na wanaume wanakuwa shambani siku nzima ili wasikutwe. Vichekesho vyetu vimezoea kumfanya mwenye busha kuwa kituko. Nimemwona mzee mwenye hadhi yake, mwenye mikorosho na wajukuu, aliyeacha kwenda msikitini kwa miaka kwa sababu ya kuchekwa, na busha linatolewa kwa upasuaji ambao si mkubwa. Natamani siku moja nimwone mzee kama huyo akiwa nguli wa hadithi. Ajifiche, aogope, ashauriwe na rafiki aliyekwisha kufanyiwa, alale hospitali, arudi, na Ijumaa inayofuata akae safu ya mbele.

Ukiambiwa huku hakuna visa vya kutosha vya tamthilia, usikubali. Chikungunya, homa inayoenezwa na mbu ambayo leo inasumbua mabara kadhaa, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 hapa hapa, kwenye nyanda za Makonde. Julai 2022, wilayani Ruangwa, watu walianza kuugua homa na kutokwa damu puani. Wagonjwa wapatao 20, watatu wakafariki. Vipimo vya Ebola na Marburg vikaonyesha hamna. Zile siku za kungoja tulizijaza kwa sauti za WhatsApp, kila mmoja na nadharia yake. Baadaye Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, leptospirosis, ambayo bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na kumwingia mtu kupitia michubuko au maji yaliyochafuliwa. Ikiwahiwa, antibiotiki zinaiponya. Mwandishi mwenye jicho atapata humo msimu mzima: mkulima wa kwanza, tabibu anayehangaika na fomu za kupeleka sampuli, wataalamu waliokuja na magari, uvumi unaokwenda kasi kuliko magari hayo, na panya ghalani ambaye hakuna aliyemshuku.

Wala watu wa hapa hawahitaji kuzoeshwa kujifunza kwa maigizo. Mmakonde ana mapiko, kinyago kinachoingia uwanjani kikamwiga mlevi au mtu mwenye majivuno, kijiji kizima kikajua nani anasemwa. Unyagoni nyakanga hafundishi kwa kusoma. Anaimba, anaigiza, anawafanya wali, yaani wasichana wanaofundwa, waigize. Vijana wa Mtwara wanaorekodi vichekesho kwa simu na kuvirusha mtandaoni wametoka kwenye asili hiyo, na baadhi yao wana vipaji vya kweli. Wanachokosa ni mtu wa afya wa kuwasomea muswada kabla hawajapiga picha.

Narudi kwenye ule mteremko wa watazamaji wa ER, wa kutoka asilimia 60 hadi 30. Katika utafiti ule watu waliachwa waangalie, kisha wakaachwa tu. Hapa tunao wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, tuna siku za kliniki ya watoto, tuna redio za mkoani zinazosikika hadi mashambani. Kama tamthilia ya degedege itarushwa Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi mimi naweza kuanza somo la kliniki kwa kuuliza: yule bibi alifanya vizuri au vibaya? Sitahitaji kuwatuliza watu wanisikilize. Wiki ya tatu naweza kuuliza tena, wiki ya sita tena. Kwa kazi hiyo nahitaji tu kuambiwa mapema kipindi kinahusu nini.

Na kuna sharti moja ambalo siwezi kulilegeza. Mwanamke akiushinda woga, akamshawishi mama mkwe, akapanda bodaboda usiku na mtoto kifuani, kisha akanikuta sina vipimo wala dawa, hatarudi, na atawasimulia wenzake. Hadithi yake hiyo ya kweli itaifuta ya kwetu ya kubuni kwa siku moja. Nimewahi kukaa na kabati tupu, najua sura za watu wanapoambiwa waende kununua. Kwa hiyo waandishi wakikaa na madaktari wa hospitali za Ligula au Ndanda kuhakikisha mambo ya tiba yameandikwa sawa, kikao hicho kiwe pia na mfamasia wa kila wilaya ambako tamthilia itatazamwa, aje na orodha yake ya akiba. Sehemu ya degedege isirushwe mpaka aseme vipimo vya malaria na artesunate vimeshafika kwenye zahanati zote, hata zile za mwisho wa barabara kule kando ya Ruvuma.